Kibao cha Sanduku la Nne

Jumanne ya tarehe kumi na nne Novemba, mwaka 2017, saa kumi na mbili na dakika kumi za asubuhi, Baptist Loskarn alifungua mlango wa ukumbi wa kuoteshea, na harufu ya matango haikuwepo.

Shayiri inayoota vizuri hunuka tango lililokatwa sasa hivi. Mtu aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kimea miaka arobaini na moja haendi kwanza kusoma kipimo, ananusa. Asubuhi ile pua yake ilikutana na joto, halafu na kitu kama matofaa yaliyosahauliwa stoo. Akakimbia. Alikuwa na miaka sitini na mbili na goti moja la kupachikwa, lakini alikimbia mpaka sanduku la nne la kuoteshea, akapanda ngazi, akazamisha mkono. Ilikuwa kama kuutia mkono ndani ya mkate uliotoka tanurini. Alipouvuta juu, shayiri haikumwagika kati ya vidole kama inavyotakiwa. Ilikuja kipande kizima, imeshikana mizizi kwa mizizi kama mkeka. Tani thelathini. Feni kubwa chini ya sakafu ilikuwa kimya, na skrini ukutani imeandika kwa kijani: Feni, sawa.

"Sawa kichwa chako," Baptist akaiambia skrini.

Siku ya pili yake aliitwa ofisini. Mkurugenzi alikuwa Doktor Aschenbrenner, mtu wa Munich, aliyeletwa na wenye kiwanda miaka kumi na miwili nyuma. Kila mtu alimwita Daktari. Baptist naye alimwita hivyo, ila moyoni aliongeza kila mara kwamba daktari huyu hajawahi kutibu hata kuku.

"Kaa, Bwana Loskarn."

"Nasimama tu. Suruali yangu imejaa mizizi."

Aschenbrenner aligeuza karatasi mbili tatu. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo ndilo lililomuudhi Baptist zaidi. "Mwezi wa kumi, kampuni iliyotuuzia mitambo ilituandikia. Programu ya feni, toleo la tatu, ina kasoro. Joto likipanda ghafla inaizima feni badala ya kuikimbiza. Toleo la nne limerekebishwa. Nilikuagiza uliweke. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Uliliweka?"

"Niliweka, mashine ikaharibika, nikairudisha ilipokuwa, nikataka kuweka tena, ikaniambia lipo."

"Bwana Loskarn, uliliweka au hukuliweka?"

"Ndiyo hivyo nilivyokwambia, Daktari."

Mkurugenzi akasukuma karatasi moja mbele. Ilikuwa fupi, imepigwa chapa vizuri. Mimi, Baptist Loskarn, ninakubali kwamba sikuweka toleo la nne la programu ya feni kama nilivyoagizwa, na kwamba uharibifu wa shayiri ya sanduku la nne ulitokana na uzembe huo. Chini mstari mtupu wa saini.

"Ijumaa saa sita mchana," alisema Aschenbrenner. "Ukitia saini, tunaachana kwa amani, na nitakuandikia barua nzuri. Usipotia, itabidi tupelekane mahakama ya kazi, na huko sidhani utapendezwa. Kesho atakuja mtaalamu wao kuikagua mashine."

"Kuja kuhakikisha ni mimi."

"Kuja kuikagua."

Baptist alitoka na karatasi ameikunja mara nne. Alibakiwa na miaka mitatu afike kustaafu. Lakini kustaafu siko kulikokuwa kunamkereketa. Kiwanda kile ndicho mahali pekee duniani ambapo bado watu walitaja jina la Kuni bila kushusha sauti. Kuni, mkewe, alifanya kazi hapo miaka ishirini na sita, yeye na chaki yake. Kwenye chuma cha sanduku la nne ndoano aliyoikaza kwa mkono wake ilikuwepo bado. Mtu akifukuzwa kwa uzembe hupokonywa ufunguo siku hiyo hiyo.

Na kulikuwa na jambo jingine kuhusu karatasi. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa sita, Kuni alianguka kutoka kwenye ngazi akichuma cheri, akavunjika nyonga. Hospitali ya wilaya walimwandaa kwa upasuaji, wakampeleka juu, halafu wakaahirisha kwa sababu chumba kilihitajika kwa mtu mwingine, wakamrudisha wodini. Alikuwa achomwe sindano ya kuzuia damu isigande. Hakuchomwa. Kila Baptist alipouliza, muuguzi alifungua ukurasa akasema: "Imeandikwa amepewa." Siku ya tatu bonge la damu likapanda mapafuni. Baptist ameandika barua kumi na moja tangu hapo. Amejibiwa mara kumi na moja kwamba barua yake imepokelewa.

Kwa hiyo aliposoma neno uzembe juu ya jina lake, hakushangaa. Wakubwa wanavyo vidole vya kulaumu, na vidole vyao vinajua njia ya kushuka tu.

Saa tatu, saa ya mkate, alikaa jikoni kwa wafanyakazi na hakula. Irmi Pflaum, karani wa ofisi tangu enzi za mwenye kiwanda mzee, alimwekea mbele kipande cha mkate, soseji ya damu na figili kali ya kukwaruzwa.

"Kula, wee Baptist. Umekaa kama kuku aliyenyeshewa."

"Sina njaa."

"Hujawahi kuwa na njaa, na kila siku sahani inabaki nyeupe. Hebu nieleze mimi, maana hizo habari zako na Daktari sikuzielewa, na mimi nilikuwa nasikiliza mlangoni kwa bidii."

Baptist alitoa daftari mfukoni. Shule aliiacha ana miaka kumi na mitano, akaenda kujifunza ufundi wa vyuma, na mwandiko wake mpaka leo ulikuwa kama alama za patasi. Mambo ya kompyuta yalimwangukia mwaka fundi wa zamani alipoondoka na Aschenbrenner akaona si lazima kuajiri mwingine. Loskarn ana mikono mizuri, alisema. Baptist akasoma usiku na mchana kwenye kurasa za watu wanaosaidiana mtandaoni, akaandika kila kitu kwenye daftari kama alivyokuwa akiandika saizi za bolti.

"Alhamisi iliyopita, tarehe tisa," akasoma. "Daktari kaagiza tupandishe mfumo endeshi wote kwa mpigo, na toleo jipya la feni limo humo humo. Nikamwambia tungoje masanduku yawe matupu. Akasema hakuna kungoja. Haya. Kabla ya kupandisha, mashine yenyewe inajipiga picha. Si picha ya sura, Irmi. Inaweka kumbukumbu ya programu zote zilivyokaa, ili mambo yakienda kombo uirudishe pale pale. Nikapandisha. Vifurushi vya programu mia nne na kumi na viwili vikaingia. Nikaizima, nikaiwasha. Giza. Skrini nyeusi, mashine za kugeuza shayiri zimesimama."

"Nakumbuka. Ulitukana mpaka dirisha likatetemeka."

"Nikairudisha kwenye picha. Robo saa tu, kila kitu kikafufuka kama jana yake. Sasa nikasema, basi angalau feni. Nikaiagiza: weka toleo la nne la feni. Ikajibu." Akaweka kidole kwenye mstari. "Tayari lipo. Hakuna cha kufanya."

"Ikadanganya?"

"Mashine haidanganyi. Haina faida ya kudanganya. Wanaodanganya wana mishahara mikubwa." Akafunga daftari. "Nikaamini. Nikaandika: feni, tayari. Nikaenda nyumbani."

Irmi alimtazama kidogo, akakata kipande cha soseji cha Baptist akala mwenyewe. "Mimi nakuona wewe mjinga, lakini si mzembe. Tia saini, uende zako ukapande figili. Kuni asingetaka ujiue kwa ajili ya mtu wa Munich."

"Kuni angempiga kibao."

Alisema vile kwa hasira tu, lakini Irmi akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho. "Alikaribia! Unakumbuka vile vibao? Bado ninavyo kabatini, vyote vitano. Nimeshindwa kuvitupa."

Zamani, kila sanduku lilikuwa na kibao chake cha jiwe jeusi kwenye ndoano. Kuni aliandika kwa chaki: shayiri ya shamba gani, imelowekwa lini, siku ya ngapi ya kuota, imegeuzwa mara ngapi. Aschenbrenner alipofika tu, akasema chaki ni vumbi na vumbi si usafi. Akaamuru vibao vyote vikae ofisini, kwenye kabati moja, vimepangwa vizuri, karani avijaze kwa simu.

"Wiki ileile," Irmi akasema, "mlirudisha shayiri ya sanduku la pili kwenye matangi ya kulowekea, maana haikunywa maji ya kutosha. Mkairudisha nyuma siku mbili. Hakuna aliyenipigia. Kibao kwangu kinasema siku ya tano. Watu wa zamu ya pili wakaja, wakasoma kibao, wakaipeleka tanurini."

"Mbichi katikati."

"Mbichi kama mawe. Ndipo Kuni akaja ofisini na mabuti yake, akakwanyua kibao mikononi mwangu. Alivyomwambia Daktari, nakumbuka neno kwa neno. Kibao kinakaa na shayiri yake. Shayiri ikirudishwa, kibao nacho kinarudishwa. Kikibaki kwako kabatini kinakuwa kinasimulia habari za shayiri ambayo haipo."

Baptist alikuwa ameacha kusikiliza. Alikuwa anatazama figili kwenye kisu chake.

"Wee," Irmi akasema. "Umekufa?"

"Kinasimulia habari za shayiri ambayo haipo," Baptist akarudia. Akasimama, kiti kikaanguka. "Irmi, kuna orodha. Mashine ina orodha ya vifurushi vyake vyote, kipi kipo na toleo gani. Ukiiuliza, haiendi kutazama programu yenyewe. Inasoma orodha. Kibao! Nimeirudisha shayiri, na kibao kimebaki ofisini."

"Mkate wako?"

"Kula wewe."

Chini, kwenye kompyuta ndogo iliyofungwa pembeni ya masanduku, ilimchukua nusu saa tu. Kwanza aliiuliza orodha: programu ya feni ni toleo gani? La nne. Halafu hakuiuliza tena orodha. Aliiita programu yenyewe, moja kwa moja, na kuiambia ijitaje. Ikajitaja: toleo la tatu. Akauliza hivyo kuhusu kifurushi kingine alichokikumbuka, na kingine. Orodha ilisema vipya, vyenyewe vilisema vya zamani. Kwa vyote mia nne na kumi na viwili, orodha ilikuwa bado inahesabu watu waliokwishahama.

Akatafuta orodha hiyo inakaa wapi. Diski ya mashine ilikuwa imegawanywa sehemu mbili. Programu zilikaa sehemu ya kwanza, ile inayopigwa picha na kurudishwa. Orodha ilikaa sehemu ya pili, ile isiyorudishwa kamwe, pamoja na kumbukumbu za joto na unyevu za kila sanduku. Mtu alikuwa ameamua iwe hivyo. Baptist akaenda kwenye jalada la mitambo, akafungua mkataba wa mwaka wa ununuzi, na kwenye ukurasa wa mpangilio wa diski akakuta saini mbili. Moja aliijua. Ilikuwa saini ileile inayoruhusu likizo zake.

Alikaa juu ya ngazi ya sanduku la nne, jalada magotini, na furaha aliyoipata haikuwa nzuri. Aliijua ilivyo. Ilikuwa furaha ya mtu aliyepata jiwe la ukubwa wa mkono wake.

Mtaalamu alifika Alhamisi saa mbili, akiwa na mkoba mmoja na chupa ya chai. Swantje Petersen, mwanamke wa Kiel, karibu miaka hamsini na mitano, mrefu, nywele fupi za mvi. Wazee wa kiwandani walishaanza kunong'ona kwamba wameletewa Mprusi, jina walilompa kila mtu wa kaskazini.

"Wewe ndiye Bwana Loskarn?"

"Ndiye mimi mzembe. Imeandikwa."

"Mimi huwa sisomi kilichoandikwa mpaka nimekiona chenyewe," alisema Bi Petersen. "Nionyeshe."

Baptist alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na sasa hakuwa na pa kuuweka. Akamwonyesha. Akaiuliza orodha, akaiuliza programu. Majibu mawili yakakaa kwenye skrini moja, moja juu ya jingine. Aschenbrenner alikuwa amesimama nyuma yao, mikono mgongoni.

Bi Petersen aliyasoma mara mbili. Akaandika amri kadhaa za kwake, haraka, akangoja, akaandika tena. Kisha akatoa vidole kwenye kibodi.

"Nani amekufundisha kuiuliza yenyewe?"

"Mke wangu. Alikuwa mwandika vibao hapa."

"Ni fundi wa kompyuta?"

"Ni marehemu. Na kompyuta aliziita masanduku ya wavivu."

Bi Petersen hakucheka wala hakusema pole. Aliomba aelezwe habari za vibao, na Baptist akamweleza, kwa ufupi kwanza, halafu kwa urefu, pamoja na mabuti. Aschenbrenner alisikiliza akitazama saa.

"Vema," mkurugenzi akasema mwishowe. "Lakini ile sehemu ya pili imewekwa kwa sababu, Bwana Loskarn. Wenye viwanda vya bia wanaonunua kimea wanataka kuona joto la kila saa. Mfumo ukirudishwa na kumbukumbu za joto nazo zikarudishwa, siku tatu za shayiri zitafutika. Nitawaonyesha nini? Nilisema chochote kinachobadilika kila siku kikae mahali pasipoguswa. Nilikosea wapi?"

Baptist alikuwa na jibu la kutukana, lipo tayari kwenye ulimi. Lakini swali lilikuwa la kweli, na jambo hilo lilimchanganya. Alitazama sanduku la nne, ambalo sasa lilikuwa tupu, limeoshwa, linatoa maji.

"Joto hukukosea," akasema pole pole. "Shayiri hairudi nyuma. Juzi ilikuwa na joto hili, basi ilikuwa nalo, hata mashine ikirudi mwaka jana. Kumbukumbu hiyo ibaki, isiguswe. Lakini orodha ya vifurushi si habari ya mambo yaliyopita, Daktari. Yenyewe inasema ndani ya mashine kuna nini sasa hivi. Mashine ikirudi, kilichomo kinarudi, na orodha lazima irudi nacho. Hayo ni maandishi ya namna mbili. Mmeyaweka kabati moja kwa kuwa yote yanabadilika."

Bi Petersen akageuka kutoka kwenye kibodi.

"Hilo," alisema Bi Petersen, "watu wenye digrii wamekuwa wakibishana kwa barua pepe mwaka mzima, na sijaona aliyelisema kwa maneno machache hivyo. Orodha ikae na programu, au ikae na data? Mimi nilikuwa upande wa data."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiko ilikokaa siku zote. Miaka ishirini. Ikawa imezoeleka kama mlango." Alifungua chupa ya chai, akaifunga bila kunywa. "Na pia nilidhani ikiwa sehemu isiyoguswa itakuwa salama. Kumbe ilikuwa salama kweli. Haikuguswa."

Mchana ule mzima walifanya kazi pamoja, Mprusi wa kaskazini na Mfrankonia wa kusini, bega kwa bega kwenye benchi moja, bila maneno mengi. Walirudisha orodha ya siku ile ya picha kutoka kwenye nakala ya akiba, wakaihamishia sehemu ya kwanza, kando ya programu zenyewe, wakaacha alama sehemu ya zamani ya kuwaelekeza wanaoitafuta. Halafu wakajaribu. Wakaweka toleo la nne la feni: safari hii mashine haikusema tayari, ililiweka. Wakarudisha mfumo kwenye picha mpya, makusudi. Programu ikajitaja toleo la tatu, na orodha nayo ikasema la tatu. Wakaweka tena. Vyote viwili vikasema la nne. Kumbukumbu za joto zilikuwepo zote, saa kwa saa, pamoja na zile za Jumanne asubuhi, zikipanda kama ngazi mpaka nyuzi thelathini na nne.

"Si mbaya," akasema Baptist.

"Si mbaya tu?"

"Bibie, hapa kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Mke wangu aliambiwa mara mbili, na moja ilikuwa harusini."

Ijumaa saa sita kasoro robo walikaa ofisini, wote wanne, maana Irmi alikuja kuleta kahawa na akasahau kutoka. Aschenbrenner alikuwa na karatasi mpya. Ile ya kwanza hakuitaja, kana kwamba upepo uliichukua. Mpya ilisema kwamba uharibifu ulitokana na hitilafu ya kiufundi katika mpangilio wa diski, na kwamba hakuna mfanyakazi anayelaumiwa. Kazi ya Baptist inaendelea kama kawaida.

Baptist akaisoma mpaka mwisho. Akaweka jalada la mkataba mezani, limefunguliwa kwenye ukurasa wa saini mbili.

"Iandikwe nani alipanga."

"Bwana Loskarn, kazi umebaki nayo. Hakuna aliyekosea. Ulikuwa mpangilio."

"Mpangilio haujipangi."

"Baptist," Irmi akanong'ona.

"Niache, Irmi. Jumatano kulikuwa na mtu. Jumatano mtu alikuwa na jina, na jina lilikuwa Loskarn. Leo imekuwa hitilafu. Inakuwaje kosa likiwa chini lina jina, likipanda ngazi linakuwa hitilafu?"

Aschenbrenner aligeuka mwekundu shingoni. Alifungua mdomo, lakini aliyesema ni Bi Petersen.

"Saini ya pili ni yangu." Alivuta jalada kwake, akaigusa. "Niliandika Petersen kabla sijaachana na mume wangu na baada ya kuachana pia, sina mwandiko mwingine. Daktari alitaka kumbukumbu za joto ziwe salama, na alikuwa na haki. Aliyeweka orodha humo ni mimi. Taarifa yangu ninaiandika leo, na nitaandika hivyo: nimekosea mimi."

Baptist alikuwa ameshika jiwe lake siku mbili, na sasa akajikuta hana wa kumtupia. Alimtazama mwanamke yule, mwenye mvi, kola ya sweta imepinda, aliyesema maneno mawili kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Kwa miaka miwili na nusu alikuwa akitafuta mtu mmoja, kwenye jengo moja la hospitali, ayaseme. Hakuwahi kufikiria angefanya nini mtu akiyasema.

"Haya," akasema. "Haya basi."

Hakutia saini kitu. Hakukuwa tena na cha kutia saini. Bi Petersen alimpa mkono mlangoni, akamwambia barua pepe zile za mabishano atazijibu Jumatatu, na angependa kuandika habari za vibao, kama hajali. Baptist akasema hajali, ila jina liandikwe Kunigunda, si Kuni, Kuni ni la nyumbani. Aschenbrenner alibaki dirishani. Baptist alipopita, mkurugenzi alisema bila kugeuka, "Vile vibao, Irmi anavyo bado?" Baptist akaendelea na njia yake. Moyo wake haukuwa umefika huko bado.

Jioni, kabla jua halijatua, alishuka na kibao kimoja, akakitundika kwenye ndoano ya sanduku la nne. Shayiri mpya ilikuwa imeingia mchana. Aliandika kwa mwandiko wake wa patasi: siku ya kwanza. Akanusa. Bado ilikuwa inanuka maji tu.

Halafu alienda nyumbani, akakaa kwenye meza ya jikoni, akatoa nakala za barua zake kumi na moja. Alizisoma zote. Zilikuwa ndefu. Ziliuliza nani amemuua mke wangu, na ni nani atakayeadhibiwa, na mnalalaje. Aliona sasa kwa nini zilipokelewa tu. Muuguzi yule, ambaye amemlaani kila Jumapili kanisani, alifungua ukurasa na ukurasa ukasema amepewa. Aliamini, kama yeye Baptist alivyoiamini mashine tarehe tisa na kwenda nyumbani kulala. Hakumpenda zaidi kwa hilo. Lakini aliiona njia aliyopita, mpaka pale ilipogawanyika. Juu, kwenye chumba cha maandalizi, bila shaka mtu aliandika sindano kabla ya kuichoma, maana kwa kawaida kuandika na kuchoma vinakwenda pamoja. Upasuaji ukaahirishwa. Mgonjwa akarudishwa chini kabla ya sindano, maandishi hayakurudishwa.

Alichukua karatasi nyeupe, akaandika barua ya kumi na mbili, iliyo fupi kuliko zote. Aliandika tarehe, jina kamili la mkewe, namba ya kitanda. Chini yake sentensi moja. Jumatatu asubuhi aliitia kwenye sanduku la posta mbele ya kanisa, na wiki mbili baadaye akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa.

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: Siku ile mliyomrudisha mke wangu wodini, orodha ya dawa zake mliiacha wapi?